Samaki Kwenye Friji ya Chanjo

Watu wa kliniki walimwita Bi Nyuzi, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunzaji wa friji ya chanjo, na ukimuuliza habari za asubuhi alikujibu, "Nyuzi nne," kana kwamba afya yake mwenyewe ilisomwa kwenye kipimajoto. Ila waliomjua vizuri walisema jina lililomfaa zaidi ni Bi Kinyaa. Mwanamke yule alikuwa na kinyaa cha kumtosha na cha kumgawia jirani. Hakunywa maji nyumbani kwa mtu. Kitasa cha mlango hakukishika kwa kiganja, alikisukuma kwa kiwiko. Mtu akipiga chafya bila kuziba mdomo, alimkazia macho mpaka yule mtu ajute kuzaliwa na pua. Marehemu mume wake, fundi wa redio, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yeye hakuoa mke, alioa sabuni.

Wengi walishangaa mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye unesi, kazi ya matapishi na usaha. Yeye aliwashangaa wao. Alisema asiye na kinyaa hafai kuwa nesi, kwa sababu atapita kwenye uchafu na asiuone.

Kinyaa chake kilikuwa na mwanzo. Alikuwa na miaka tisa mdogo wake alipougua kifaduro. Mtoto alikuwa wa miezi minne. Alikohoa mfululizo, mara kumi na tano, mara ishirini, bila nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka uso unageuka rangi ya zambarau. Kisha hewa ikamwingia kwa mlio mwembamba wa kutisha, na baada ya hapo alitapika makamasi mazito yanayovutika kama ute wa yai. Nyumba nzima ilikuwa na kitambaa kimoja. Kilimfuta mtoto mdomo, kikamfuta shangazi jasho, kikafuta sahani. Wanawake wa jirani walikuja kumpa pole mama yake, kila mmoja akampakata mtoto, kila mmoja akarudi kwake kupakata wa kwake. Wiki ya pili nyumba tatu zilikuwa zinakohoa. Mdogo wake alikufa siku ya kumi na tatu. Wazee walisema ni kazi ya Mungu. Msichana wa miaka tisa alikitazama kile kitambaa akaona Mungu anasingiziwa.

Akiwa chuo cha unesi ndipo alipojua lililomchefua zaidi. Chanjo ya kifaduro ilikuwepo mwaka uleule, imejaa bohari zima, imepangwa vizuri. Gari la kuisambaza halikuwa na tairi la mbele. Mpaka anazeeka hakuweza kulitaja tairi lile bila kukunja midomo.

Kwa hiyo siku za kliniki, Jumatatu na Alhamisi, alisimama mbele ya mabenchi ya akina mama akiwa na neno la kusema, na hakulisema kwa upole.

"Mwili una walinzi," aliwaambia. "Wamo kwenye damu, hawalali. Lakini mtoto mchanga walinzi wake ni wageni mjini, mwizi hawamjui kwa sura. Mwizi akiingia, mpaka waulizane, mpaka wakimbizane, mpaka watengeneze silaha ya kumfaa, wiki imepita na nyumba imeshabebwa. Sasa mimi nafanya nini? Nawapelekea walinzi nguo ya mwizi. Mwizi mwenyewe hayumo, ni nguo tu. Wanainusa, wanakasirika, wanaishambulia. Ndiyo hiyo homa ya jioni mnayonilalamikia. Nguo inachakaa, inapotea, lakini harufu hawaisahau. Siku mwizi mwenyewe akija, anawakuta wanamsubiri mlangoni."

"Sasa mbona mara tatu, nesi?" mama mmoja aliuliza. "Mara moja haitoshi?"

"Mumeo ukimwambia jambo mara moja, anakumbuka?"

Benchi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kuwaambia kwamba mtaa ukijaa watoto waliochanjwa, mwizi anakosa hata pa kulala, na hivyo hata kichanga wa wiki mbili, ambaye umri wake wa sindano haujafika, anapona kwa ajili ya wenzake. Aliyemficha mtoto wake ndani siku ya chanjo, alisema, amemfungulia mwizi mlango wa watoto wa watu. Alimtazama kila mmoja usoni alipokuwa akilisema hilo.

Lakini sindano si kitu bila friji, na friji ndiyo iliyokuwa roho yake. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane, basi. Watu hudhani ni kama nyama, kwamba baridi ikizidi ndivyo itakavyodumu. Si kweli. Ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, ambayo kifaduro kimo humo, ina chumvichumvi inayobeba dawa na kuwaamsha walinzi. Ikiganda, ile chumvi inakatikakatika na kushikana mabonge, na ikiyeyuka hairudi tena ilivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na ubaya wake ni kwamba kwa macho hutaijua: chupa ni ileile, maji ni yaleyale meupe. Mchome mtoto, atalia, paja litavimba, mama atabeba mwanawe aende zake ameridhika. Walinzi hawakuonyeshwa kitu cha maana.

Ndiyo maana mlangoni pa friji palibandikwa karatasi ya joto. Kila siku, asubuhi na jioni, sikukuu na Jumapili zikiwemo, mtunzaji husoma kipimajoto na kuandika. Karatasi za Bi Nyuzi zilikuwa safi mno hivi kwamba msimamizi wa chanjo wa wilaya alizipiga picha na kuwaonyesha watunzaji wengine: tazameni, hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi.

Sasa lisemwe na lile lisilosemwa. Kila Ijumaa saa tisa alasiri, kabla ya kuvua koti jeupe, Bi Nyuzi alichukua kalamu ya bluu akajaza Jumamosi na Jumapili. Jumamosi asubuhi, nne. Jioni, tano. Jumapili asubuhi, nne. Alibadilisha kidogo ili isionekane imepikwa. Watunzaji wenzake wa kliniki za jirani walifanya vivyo hivyo, na wenyewe kwa wenyewe waliita kupika joto. Alijiambia kwamba friji yake anaijua kama anavyolijua tumbo lake, kwamba kutembea mwendo wa saa nzima siku ya Jumapili kwenda kusoma nne ambayo anaijua tayari ni ujinga. Mtu aliyeweza kuona ukucha mchafu toka upande wa pili wa barabara hakuiona ile kalamu ya bluu mkononi mwake. Nyani haoni kundule.

Mkuu wa kliniki ile alikuwa daktari mnene mwenye sauti laini, na wafanyakazi walimwita Bwana Tutaona. Bomba limepasuka? Tutaona. Glavu zimekwisha? Tutaona. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kliniki, uani, na kati ya nyumba na kliniki alikuwa haoni mpaka. Kiti cha wagonjwa kilikuwa barazani kwake. Ndoo ya kliniki ilifulia nguo zake.

Mwezi ule dada mkubwa wa Bi Nyuzi alianguka bafuni akavunjika nyonga. Ijumaa Bi Nyuzi aliomba ruhusa ya kwenda kumuuguza hadi Jumatatu mchana. Akamwachia Bwana Tutaona ufunguo wa friji, kwa sababu Jumatatu ni siku ya kliniki. Na kabla ya kuondoka akapika joto la Jumamosi, la Jumapili, na la Jumatatu asubuhi juu yake.

Alirudi Jumatatu saa saba. Mabenchi yalikuwa matupu, sakafu ina vipande vya pamba. Nesi mwenzake, aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya wanawe mapacha, alikuwa anafunga daftari.

"Karibu, mama. Dada anaendeleaje?"

"Anapiga kelele, kwa hiyo yuko hai. Wangapi leo?"

"Wa magonjwa matano thelathini na mmoja. Kliniki ilijaa kweli."

Bi Nyuzi alipokea ufunguo, akafungua friji ili arudishe chupa zilizobaki, na harufu ikampiga usoni. Shombo. Shombo la samaki, ndani ya friji ya chanjo. Alirudi nyuma hatua mbili akaziba pua kwa mkono wa koti. Kisha akainama akatazama. Kwenye kapu la chini palikuwa na maji mekundu yaliyokauka pembeni na bado yanateleza katikati, na boksi la chanjo limekaa humo, tako lake limelowa. Gamba moja la samaki, kubwa kama kifungo cha shati, lilikuwa limenata kwenye kioo cha kipimajoto.

"Nani," alisema. Akalinyooshea lile gamba kidole.

Mama Pacha alitazama sakafu. "Mkuu alikuwa na wageni Jumamosi, friji yake imeharibika. Aliweka samaki na soda. Aliniambia nisiseme."

"Na wewe ukachoma watoto."

"Mama, kipimajoto kilisema nne! Na karatasi ilisema nne, nikadhani umepita kuisoma!"

Kipimajoto kiliendelea kusema nne. Lakini kipimajoto husema la sasa, hakisemi la jana. Bi Nyuzi alivaa glavu, akalichomoa boksi. Upande wake uliogusa ukuta wa nyuma ulikuwa umechanika, na ngozi ya karatasi imebaki imenata kwenye utando mwembamba wa barafu ambao haujamaliza kuyeyuka. Akatazama kitufe cha baridi. Mwaka wa nane huu kilikuwa kwenye tatu, amekichora alama ya wino. Sasa kilikuwa juu kidogo ya alama, kama kinavyowekwa na mtu aliyekizungusha hadi mwisho ili soda zipoe upesi, halafu akakirudisha kwa kukisia.

Alinawa mikono mara tatu. Shombo halikutoka, au lilitoka puani likabaki kichwani.

Kuna jaribio la kujua, na alilijua kwa moyo. Unachukua chupa moja ya toleo lilelile, unaigandisha makusudi kwenye barafu mpaka kesho, unaiyeyusha. Halafu unaishika na ile unayoitilia shaka, mkono mmoja, unazitikisa pamoja, unaziweka mezani na kutazama. Jumanne saa nne asubuhi Bi Nyuzi na Mama Pacha waliketi mezani wakazitazama chupa mbili. Chanjo nzima hubaki imechanganyika, nyeupe, taratibu. Iliyoganda huangusha mabonge yake chini na juu hubaki maji. Dakika ya tano chupa iliyogandishwa ilikuwa na vipande vinavyoshuka. Na ile nyingine, dada yake wa toleo moja, ilikuwa inaangusha vipande vilevile, hatua kwa hatua, kama mapacha wanaoshuka ngazi. Walizirudia mara nne. Mara ya nne Mama Pacha alikuwa analia.

Watoto thelathini na mmoja walikuwa wamechomwa maji na mabonge. Na mtaa wa makarakana, dakika kumi kwa miguu, watoto wawili walikuwa wamelazwa wiki iliyopita kwa kifaduro. Hata wakichomwa leo, walinzi wanahitaji kama wiki mbili kujifunza. Kila siku iliyopita ilikuwa siku ya mwizi.

Alizikusanya chupa zilizobaki akaziandika marufuku, halafu akaenda ofisini kwa Bwana Tutaona na karatasi ya joto mkononi. Alimkuta anachokonoa meno.

"Mama yangu! Umerudi. Mgonjwa hajambo?"

"Samaki wako wamelala na chanjo za watoto. Zimeganda. Nimezitikisa."

"Aa, samaki." Alichomoa kijiti mdomoni akakitazama. "Walikuwa kwenye mfuko, mbona."

"Mfuko ulivuja. Damu imeingia kwenye boksi. Na kitufe ulikizungusha. Tunataka kuwaita wale watoto wote warudiwe, leo."

"Tutaona."

"Hakuna cha tutaona! Kifaduro kiko karakana."

Alinyoosha mkono laini, akaichukua ile karatasi kwa vidole viwili, akaisoma kwa sauti, polepole. "Jumamosi asubuhi, nne. Jioni, tano. Jumapili, nne. Jioni, nne. Jumatatu asubuhi, nne." Akainua macho. "Mwandiko huu wa nani, mama? Wangu?"

Bi Nyuzi aliinyakua karatasi yake.

"Ukisema ziliganda, lazima useme pia nani aliandika kwamba hazikuganda. Mimi niliweka samaki, sawa, nitaambiwa nimekosa adabu. Wewe utaambiwa nini? Na picha za karatasi zako zimezunguka wilaya nzima." Aliishusha sauti ikawa kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Sikiliza. Zilizobaki tutasema zilivunjika. Watoto hawatadhurika, wewe unajua kuliko mimi, ni maji tu. Kadi zao zimeshaandikwa. Miezi minne unastaafu, wanakuandalia cheti cha mfanyakazi bora. Unataka nini tena, mama yangu?"

Na kilichomchefua Bi Nyuzi ni kwamba katika maneno yale yote hapakuwa na uongo. Yalikuwa maji tu. Mwandiko ulikuwa wake. Alimtazama yule mtu, meno yake yaliyochokonolewa, kidevu kinachong'aa mafuta, akatafuta kinyaa chake alichokizoea, kile cha kutazama chini mtu mchafu kutoka juu. Hakukipata. Alijikuta amesimama naye mahali pamoja. Samaki alikuwa wa Bwana Tutaona, lakini aliyemfunika samaki kwa nyuzi nne zilizonyooka, zenye sahihi, alikuwa yeye. Kama ile karatasi ingekuwa na mraba mtupu mmoja tu, mmoja, Mama Pacha angeshtuka, angeuliza, asingechoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alitoka bila kuaga. Akaenda kwenye sinki la chumba cha sindano akatapika, mwanamke ambaye hakuwahi kutapika mbele ya kidonda chochote. Mama Pacha alimletea maji.

"Tufanyeje, mama?"

"Nipe kalamu nyekundu."

Aliiweka karatasi mezani. Alikata mstari juu ya namba zile, moja baada ya nyingine, za Jumamosi, za Jumapili, ya Jumatatu. Pembeni akaandika: Sikuwepo. Sikusoma. Niliziandika Ijumaa. Akatia sahihi. Herufi zilitoka mbaya, na hilo nalo lilimchukiza. Kisha akaipiga picha kwa simu akamtumia msimamizi wa wilaya kabla ujasiri haujamwisha. Akakumbuka Ijumaa nyingine zote, miaka yote ile. Akatuma ujumbe wa pili: Na wikendi nyingine pia.

Simu ililia baada ya dakika tatu.

"Mama," alisema msimamizi. "Wewe?"

"Mimi. Nitumie chanjo mpya kesho, maswali utaniuliza baadaye."

Chanjo zilifika Jumatano mchana, na msimamizi alifika nazo. Alikuja na friji ya kubebeka na uso wa mtu aliyefiwa. Alimnyang'anya Bi Nyuzi ufunguo mbele ya Mama Pacha akamkabidhi Mama Pacha. Barua ya onyo ingefuata. Cheti hakikutajwa tena. Bwana Tutaona alihojiwa ofisini kwake mlango umefungwa, akatoka anatabasamu. Baadaye alihamishiwa kliniki nyingine, kubwa kuliko ile, na inasemekana kiti cha wagonjwa alihama nacho. Hayo ndiyo mambo ya dunia, na kuyatemea mate hakuyabadilishi.

Jumatano ileile na Alhamisi asubuhi Bi Nyuzi alizunguka na daftari nyumba kwa nyumba. Hakuwaambia akina mama kwamba ni marudio ya kawaida, kama msimamizi alivyomshauri. Aliwaambia lililotokea. Alhamisi mabenchi yalijaa, ila hapakuwa na kicheko.

"Yaani hii kadi yangu ina uongo?" aliuliza muuza mkaa, mwanamke mrefu aliyembeba binti wa wiki kumi.

"Ndiyo, mwanangu. Ina uongo."

"Wa nani?"

"Friji iliharibiwa na mwingine. Kuandika kwamba haikuharibika, niliandika mimi."

Muuza mkaa alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, taratibu, kama mtu anayetazama kitu kilichokwama kwenye mfereji. "Na kila wiki ulikuwa unatusimanga hapa. Kucha zetu. Vitambaa vyetu." Akamgeukia Mama Pacha. "Mchome wewe. Huyu asimguse mwanangu."

Mwingine akasema hivyo hivyo. Halafu mwingine. Bi Nyuzi aliweka pamba chini akasogea ukutani. Alikuwa hajawahi kuonewa kinyaa maishani mwake, hakujua kwamba kinaingia kwenye ngozi kama baridi. Alibaki pale anaita majina kutoka kwenye daftari kwa sauti kavu, na kila jina aliloliita alilikata kwa kalamu.

Mpaka Ijumaa jioni waliochomwa upya walikuwa thelathini. Aliyebaki mmoja alikuwa binti wa fundi baiskeli, wiki kumi na nne, nyumba ya tatu kutoka kwa wale watoto waliolazwa. Mama yake alikufa wakati wa uzazi. Baba alimlea kwa chupa na kwa msaada wa bibi kiziwi. Fundi alikuwa amekataa Jumatano. Alikataa Alhamisi. Ijumaa hakumwinulia hata uso.

"Jumatatu mlisema ni chanjo, kumbe maji," alisema akizungusha gurudumu. "Leo ni nini? Nitajuaje? Paja la mwanangu ni la kuchezewa?"

Jumamosi Bi Nyuzi alikwenda kliniki kwa miguu, saa nzima, ingawa ufunguo hakuwa nao tena. Alimkuta Mama Pacha amekuja kusoma joto la asubuhi. Wakaenda pamoja karakana, Mama Pacha na friji ya kubebeka begani, Bi Nyuzi na bahasha. Walipopita nyumba ya jirani walisikia mtoto mwingine anakohoa ndani, mfululizo, bila pumzi. Mama Pacha aliongeza hatua.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, bintiye amelala ndani ya boksi la vipuri lililotandikwa shuka. Bi Nyuzi hakumsalimu kwa maneno mengi. Alitoa kwenye bahasha nakala ya karatasi ya joto, ile yenye mistari myekundu, akamwekea kwenye goti.

"Soma."

Fundi alisoma. Midomo yake ilisogea. Alifika kwenye maneno ya pembeni akayarudia, kisha akainua macho.

"Umeandika mwenyewe hivi?"

"Mwenyewe."

"Hakuna aliyekukamata?"

"Hata mtu angetaka kunikamata, angeshindwa. Namba zilikuwa nzuri sana."

Mama Pacha alifungua friji akamwonyesha kipimajoto, na karatasi mpya. Alhamisi asubuhi, tatu. Jioni, sita. Ijumaa asubuhi, mraba mtupu, na pembeni: nilichelewa, mtoto aliumwa. Fundi aliutazama ule mraba mtupu kwa muda mrefu kuliko namba zote.

"Huu kwa nini hamkuujaza?"

"Kwa sababu sikusoma," alisema Mama Pacha.

Fundi alijifuta grisi kwenye suruali. Nyumba ya jirani kikohozi kilianza tena, na safari hii wote watatu walisikia ule mlio mwembamba wa mwisho. Aliinama akamwinua mwanawe kutoka kwenye boksi, akambana kifuani, akamtazama Bi Nyuzi bila kupepesa.

"Huyu dada atamchoma," alisema. "Wewe, mama, toka nje. Nakuonea kinyaa. Nikikutazama nasikia kichefuchefu. Toka."

"Ahsante," alisema Bi Nyuzi.

Alitoka akasimama nje ya mlango, mikono nyuma, kati ya baiskeli mbili zisizo na magurudumu. Akasikia Mama Pacha anapasua karatasi ya sindano. Mtoto alilia kwa nguvu, sauti nzima, pumzi imejaa. Bi Nyuzi alifungua daftari akakata jina la thelathini na moja.